Miguu inayokosa utulivu kila usiku: nifanyiwe kipimo gani, na nafuu hupatikana wapi?

MwalimuWaIringa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa, nina umri wa miaka 43, na naomba mawazo yenu kuhusu tatizo ambalo limeninyima usingizi kwa muda mrefu. Mchana kutwa ninasimama darasani, ninatembea, ninapanda na kushuka ngazi, na miguu yangu haina shida yoyote. Shida huanza jua likishazama, hasa ninapoketi kusahihisha madaftari au ninapojilaza kitandani. Ndani ya vigimbi, si juu ya ngozi, hutokea hali ambayo siwezi kuiita maumivu wala ganzi: ni kama sisimizi wanaotambaa kati ya nyama na mfupa, na papo hapo hunijia msukumo wa kuichezesha miguu ambao siwezi kuuzuia kwa zaidi ya dakika chache. Nikiinuka na kuzunguka sebuleni hali hiyo hutoweka, lakini nikirudi kitandani hurejea kabla sijapata hata lepe la usingizi. Inapokaribia alfajiri hutulia yenyewe, na hapo ndipo unaponijia usingizi mzito, wakati ambao napaswa kuamka nijiandae kwenda kazini.

Katika zahanati ya karibu nilipewa dawa za maumivu na vitamini, ambazo hazikubadilisha chochote. Nilipimwa wingi wa damu, majibu yakawa 12.3, nikaambiwa kwamba damu inatosha. Sukari na presha ziko sawa. Jirani anasema ni gesi. Shangazi yangu, ambaye ninamheshimu sana, anashikilia kwamba kuna mkono wa mtu na kwamba nitafutiwe mtaalamu. Ili nipate usingizi nimekuwa nikimeza Piriton, kwa sababu inajulikana kuwa inalewesha, lakini usiku ninapoimeza ndipo miguu inapozidi kunisumbua, jambo ambalo silielewi.

Niongeze mambo mawili ambayo sijui kama yanahusiana na hili. Nina uvimbe kwenye kizazi unaonifanya nitokwe na damu nyingi kila mwezi. Pia marehemu mama yangu alikuwa na desturi ya kutuita sisi watoto tumkanyage vigimbi kila usiku kabla hajalala, na wakati ule tuliamini kwamba ni uchovu wa shamba tu.

Je, huu ni ugonjwa unaojulikana? Nimwombe daktari anifanyie kipimo gani? Na wenzangu mnaoishi na hali hii, mnafanya nini usiku unapokuwa mrefu? Likizo ijayo nina safari ya basi kwenda Dar es Salaam, na wazo la kukaa kitini kwa saa nyingi linanitia hofu kuliko mlima Kitonga wenyewe.

Mfamasia wa Mji Kasoro Bahari

Mwalimu, pole sana. Siwezi kukuthibitishia ugonjwa bila kukuona, lakini maelezo yako yanalingana sana na ugonjwa wa miguu isiyotulia (kwa Kiingereza «restless legs»), hali ambayo madaktari huitambua kwa kumsikiliza mgonjwa, kwa kuwa hakuna picha wala kipimo cha damu kinachoithibitisha moja kwa moja. Wanachokitafuta ni mambo haya: msukumo wa kuichezesha miguu, ambao kwa kawaida huambatana na hisia isiyopendeza ndani yake, msukumo huo uanze au uzidi wakati wa kupumzika, upungue mtu anapotembea au kujinyoosha, angalau kwa muda anaoendelea kufanya hivyo, uwe mkali zaidi jioni na usiku, na pasiwe na sababu nyingine inayoeleza yote hayo, kama vile kukaza kwa misuli, kuvimba kwa miguu au ganzi ya kisukari. Umeyataja karibu yote bila kuulizwa.

Shangazi yako umweleze kwa heshima kwamba daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1672, na kwamba Karl-Axel Ekbom, daktari wa mishipa ya fahamu wa Sweden, aliichambua hali hii kwa kina katikati ya miaka ya 1940 na kuipa jina linalotumika hadi leo. Watu wa Stockholm huinuka usiku kuzunguka sebuleni kama unavyofanya wewe, na sidhani kama wote wamerogwa na jirani mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika maelezo yako, nalo ni madini ya chuma. Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na utulivu wa mwili na mwendo, na kwa watu wengi wenye hali hii imeonekana kwamba chuma ndani ya ubongo ni kidogo hata pale wingi wa damu unapokuwa wa kuridhisha. Kipimo ulichofanyiwa kinahesabu hemoglobini, yaani chuma ambacho tayari kiko kazini ndani ya chembe nyekundu. Hakionyeshi akiba. Mwili hutumia akiba yote kwanza ndipo hemoglobini ianze kushuka, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na 12.3 huku akiba yake imekaribia kwisha. Mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi ni mtu wa kwanza ambaye ningemshuku kuwa na tatizo hilo.

Kipimo cha akiba kinaitwa feritini. Kifanyike asubuhi kabla hujala, na usimeze dawa yoyote ya kuongeza damu siku iliyotangulia. Majibu yakitoka, usitosheke na neno «kawaida» lililochapishwa kwenye karatasi, kwa sababu maabara nyingi huweka kiwango cha chini cha wanawake kwenye 10 hadi 15 hivi, ilhali miongozo ya tiba ya miguu isiyotulia inaelekeza kuongeza chuma pale feritini inapokuwa 75 au pungufu. Hapo katikati kuna pengo kubwa, na wagonjwa wengi hutumbukia humo wakiambiwa kwamba hawana tatizo. Jambo jingine la kumkumbusha daktari ni kwamba feritini hupanda mtu anapokuwa na maambukizi au mchochota (inflamesheni) ndani ya mwili, kwa hiyo usipime ukiwa na homa, na inafaa kipimo hicho kiambatane na kile kinachoonyesha ni kiasi gani cha chuma kimebebwa na protini ya damu. Kikiwa chini ya asilimia 20, nacho ni dalili ya upungufu.

Jiulize pia kama una hamu isiyo ya kawaida ya kula udongo, mchele mbichi au barafu. Wengi huona aibu kulitaja hilo, ingawa daktari makini hulichukulia kuwa ushahidi mzuri wa upungufu wa chuma.

Kuhusu Piriton, ulichokiona ni sahihi kabisa. Dawa za mafua na mzio zinazolewesha, yaani klorofeniramini (ambayo ndiyo Piriton), promethazini na difenhidramini, huichochea hali hii kwa watu wengi. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika hufanya vivyo hivyo kwa sababu inazuia dopamini, na katika orodha hiyo zimo pia haloperidoli, klopromazini, amitriptilini na baadhi ya dawa za sonona kama fluoksetini. Kinachosikitisha ni kwamba mgonjwa anayelalamika kukosa usingizi huandikiwa mara nyingi mojawapo ya dawa hizo hizo. Klorofeniramini unaweza kuiacha leo. Ukiwa na mzio, setirizini au loratadini zina usumbufu mdogo zaidi. Dawa za sonona au za akili usiziache wala kuzipunguza bila daktari aliyekuandikia.

Mzee wa Likoni

Mwalimu, hujambo. Mimi niko Mombasa, na miguu yangu ilianza mchezo huu baada ya figo kushindwa kazi kwa sababu ya presha. Tunaosafishwa damu tuko wengi wenye shida hii, na kwetu ina ukatili wake, kwa kuwa mtu hukaa kwenye kiti muda wa saa 4 akiwa na sindano mbili mkononi, mashine inazunguka, na hana ruhusa ya kuinuka. Mguu ukianza kudai kutembea na wewe umefungwa pale, unaweza kulia mbele ya watu. Nikijitikisa, mashine hupiga kelele na muuguzi huja mbio akidhani sindano imetoka.

Kilichonisaidia kwanza ni kubadilishiwa zamu. Niliomba zamu ya asubuhi badala ya ile ya jioni, na tofauti ilikuwa kubwa, kwa sababu asubuhi miguu huwa imelala hata kama mwenyewe sijalala. Pili, kwa idhini ya daktari, ninapokuwa kwenye kiti huikanyaga pedali ndogo kama za baiskeli iliyowekwa chini, polepole, bila kuusogeza mkono. Tatu, chuma na zile sindano za kuongeza damu huwekewa pale pale kwenye mashine. Daktari aliniongezea gabapentini, dawa inayotuliza mishipa ya fahamu, kwa kipimo kidogo sana baada ya kusafishwa, akanionya kwamba dawa hiyo hutolewa na figo, na kwamba mgonjwa kama mimi akimeza kipimo cha mtu mwenye figo nzima anaweza kulewa na kuanguka. Kwa hiyo nakuomba, usikubali kuazimwa vidonge na mtu eti kwa sababu vimemfaa yeye.

Nyumbani jioni dawa yangu ni bao. Nilidhani ni mawazo yangu tu, mpaka daktari aliponiambia kwamba akili ikishughulishwa kwelikweli msukumo wa miguu hupungua, ilhali kutazama runinga umejilaza huuzidisha. Barazani naweza kukaa muda mrefu maadamu nina kete mkononi na mpinzani mwenye kelele. Ila kahawa chungu ya jioni nimeiacha, na kwa mtu wa pwani hilo si jambo dogo. Siku ninapoonja vikombe viwili baada ya magharibi, najua usiku utakuwaje.

Mkulima wa Nyanda za Juu

Naomba kutofautiana kidogo na mfamasia. Huku kwetu watu wazima wengi hukazwa na misuli ya vigimbi usiku, na dawa yake ni maji yenye chumvi kidogo, ndizi mbivu, na wengine hutafuta kwinini, ambayo wazee wanaiamini sana. Mwalimu anasimama kutwa nzima. Huo ni uchovu wa misuli. Tena hicho kipimo cha feritini unachokitaja, sijui ni hospitali gani ya wilaya inayokifanya. Tunawaelekeza watu mambo ambayo hawawezi kuyapata, kisha wanakata tamaa.

Mfamasia wa Mji Kasoro Bahari

Ndugu Mkulima, nakubaliana nawe kwenye la pili kuliko la kwanza. Misuli inapokaza, kigimbi huwa kigumu kama ukikishika, maumivu ni makali na ya ghafla, na hutulia mtu anapouvuta unyayo kuelekea kwenye goti. Mwalimu hajaeleza maumivu wala ugumu wowote. Ameeleza msukumo wa kutembea. Ganzi ya kisukari nayo ni tofauti, kwa sababu huanzia kwenye nyayo, huleta moto na kufa kwa hisia, na mgonjwa akitembea haimwachii. Tofauti hizi ni za msingi kwa kuwa tiba zake hazifanani.

Kwinini tafadhali iacheni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2010 dhidi ya kuitumia kwa ajili ya misuli inayokaza usiku, kwa sababu inaweza kushusha chembe za kugandisha damu kiasi cha kuhatarisha maisha na kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa miguu isiyotulia haina nafasi kabisa.

Kuhusu upatikanaji umesema kweli. Feritini hupatikana zaidi katika hospitali za mikoa, za rufaa na maabara kubwa za binafsi. Mtu aliye mbali nazo aombe kipimo kamili cha damu, ambacho hospitali nyingi za wilaya zinacho, kisha daktari aangalie ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe zikiwa ndogo kuliko kawaida, upungufu wa chuma ni jambo la kwanza kufikiriwa, ingawa chembe zenye ukubwa wa kawaida hazimaanishi kwamba akiba imejaa. Isitoshe, chembe ndogo zinaweza pia kutokana na hitilafu za kurithi za damu, na mwenye selimundu au aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kingi kupita kiasi, ndiyo maana sipendi watu wameze dawa za kuongeza damu miezi nenda rudi bila kupimwa.

Neno moja kwa wanaume wanaosoma hapa: mwanamume mzima, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, lazima itafutwe damu inakopotelea. Inaweza kuwa minyoo ya safura, inaweza kuwa vidonda vya tumbo vilivyochochewa na dawa za maumivu, na inaweza kuwa saratani ya utumbo. Kumpa vidonge na kumwacha aende ni kufunika moto kwa majani.

Mama Pacha

Mimi yalinipata nikiwa na mimba ya pacha, miezi mitatu ya mwisho. Mkunga wa kliniki hapa Arusha aliniambia kwamba takriban mjamzito mmoja kati ya watano hupitia hali hii, hasa mwishoni, na kwamba wengi hupona baada ya kujifungua. Kwangu iliisha watoto wakiwa bado hawajafikisha mwezi mmoja. Kilichonisaidia wakati ule ni kugundua kwamba nilikuwa nikimeza FEFO, vile vidonge vya chuma vya kliniki, pamoja na chai ya maziwa ya asubuhi, na mkunga akanieleza kwamba chai na maziwa huzuia chuma kisiingie mwilini. Nikaanza kumeza na juisi ya chungwa, chai nikaisogeza mbele kwa saa mbili. Miguu niliikanda kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Dada yangu yeye husaidiwa na maji ya baridi, kwa hiyo kila mtu ajaribu linalomfaa. Mjamzito asitumie dawa nyingine yoyote ya hali hii bila daktari.

Bi Mkubwa, Reading

Mwalimu mwanangu, mimi ni Mtanzania ninayeishi Uingereza, na ninayeugua ni mume wangu. Nimesita kuandika kwa sababu habari yenyewe si nzuri kuieleza, lakini huenda ikamwokoa mtu.

Yeye alianza kwa kunipiga mateke usingizini bila kujijua: mguu unajikunja kwenye kifundo na kwenye goti, unatulia kwa nusu dakika hivi, kisha unajikunja tena, saa nzima. Baadaye tulielezwa kwamba wengi wa wenye miguu isiyotulia wana mitikisiko hiyo pia, ambayo mara nyingi mwenza wa kitandani ndiye huiona kwanza. Aliandikiwa pramipeksoli, dawa inayoiga dopamini, na usiku wa kwanza ilikuwa kama muujiza. Tulilala sote wawili mpaka asubuhi.

Muujiza huo ulikuja kugeuka taratibu. Dalili zilizokuwa zikianza saa 4 usiku zikaanza kujitokeza alasiri; zikatoka miguuni zikafika mikononi; kidonge kilichokuwa kikitosha kikawa hakitoshi, daktari akaongeza, tukapata nafuu ya muda, kisha hali ikawa mbaya kuliko kabla ya dawa. Tulidhani ugonjwa unakua, kumbe dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiuchochea. Madaktari bingwa wanalijua jambo hili vizuri, nalo huweza kutokea kwa dawa zote za kundi hilo, ropinirole na zile za kubandika zikiwemo, na kwa levodopa hutokea upesi zaidi.

La pili ni gumu zaidi. Mume wangu, mtu aliyekuwa akihesabu hata shilingi ya chenji ya sokoni, alianza kubeti kwenye simu. Hakuwa na tabia hiyo maisha yake yote. Nilimlaumu, watoto wakamlaumu, mpaka mfamasia mmoja aliposoma orodha ya dawa zake na kutuuliza kwa upole kama kuna mabadiliko ya matumizi ya pesa nyumbani. Karatasi iliyomo kwenye pakiti inataja kamari, manunuzi yasiyozuilika, ulaji na tamaa ya ngono kuwa madhara yanayowezekana, lakini nani husoma karatasi ile? Alipoachishwa dawa, tamaa ya kubeti ilikwisha, ingawa pesa hazikurudi.

Kuachishwa kwenyewe kulifanywa polepole chini ya uangalizi wa bingwa, kwa sababu kuacha ghafla huleta siku ngumu sana za kukosa usingizi. Alihamishiwa gabapentini na kuwekewa chuma kwa dripu. Mwongozo wa chama cha Marekani cha tiba ya usingizi uliotolewa mwaka 2025 umeweka gabapentini, pregabalini na chuma mbele, na hauzipendekezi tena dawa zinazoiga dopamini kwa matumizi ya kawaida. Hapa kwetu bado kuna madaktari wanaoziandika kwanza. Nasema haya ili wewe ambaye hujaanza dawa yoyote uulize kabla ya kupokea.

MwalimuWaIringa

Bi Mkubwa, shikamoo, na poleni sana kwa mliyoyapitia. Mzee wa Likoni, asante. Mimi si mchezaji wa bao, lakini nimegundua kwamba nikisahihisha madaftari nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi, usiku huanza ukiwa mwepesi zaidi.

Nimerudi na majibu. Feritini ni 11. Kama mfamasia alivyoonya, kiwango cha chini cha maabara ile kimeandikwa 10, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna alama yoyote ya tahadhari, na kama nisingekuwa nimeelezwa mapema ningeikunja na kurudi nyumbani. Daktari wa hospitali ya mkoa aliisoma, akaniuliza kuhusu udongo, na ikanibidi nikiri mbele ya muuguzi kwamba droo yangu ya ofisini haikosi vipande viwili vitatu. Ameniandikia vidonge vya chuma asubuhi na jioni, amesema tukishindwa tutafikiria dripu, na amenipeleka kwa daktari wa wanawake kwa sababu, kwa maneno yake, hatuwezi kujaza ndoo inayovuja. Huko tunajadili kati ya dawa za kupunguza damu na upasuaji wa kuondoa uvimbe.

Piriton nimeiacha, na hiyo peke yake imepunguza makali ya usiku kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Sijapona. Bado ninaamka, lakini sasa ninazunguka mara chache na ninarudi kulala.

Safari ya Dar nimekwisha kuifanya. Nilichagua basi la alfajiri na si la jioni, nikakata tiketi ya kiti cha upande wa njia ili niweze kunyoosha mguu, na basi liliposimama Ruaha Mbuyuni nilitembea hadi mwisho wa safu ya wauza vitunguu na kurudi, badala ya kuketi kula. Miguu ilianza kudai haki yake tulipokuwa kwenye foleni ya kuingia jijini jioni, si kabla ya hapo. Nilikuwa na chemshabongo mkononi, nikalijaza hilo na la abiria mwenzangu.

Swali langu la sasa ni la vidonge. Vinanifunga choo, vinanitia kichefuchefu, na choo kimekuwa cheusi kiasi cha kunitisha. Je, niendelee hivyo hivyo?

Mfamasia wa Mji Kasoro Bahari

Mwalimu, usiviache, badilisha namna ya kuvimeza, na umjulishe daktari wako kwanza. Chuma kikiingia kwa wingi, ini hutoa homoni inayofunga mlango wa utumbo kwa muda wa siku nzima hivi, kwa hiyo kidonge cha jioni mara nyingi hukuta mlango umefungwa na kubaki tumboni kikileta choo kigumu na kichefuchefu. Kwa sababu hiyo madaktari wengi sasa huelekeza kipimo kimoja kwa siku, au siku moja kumeza na moja kupumzika. Meza asubuhi tumbo likiwa tupu pamoja na chungwa au pera. Tumbo likikataa kabisa, meza na chakula kidogo kisicho na maziwa, na chai isogezwe saa mbili mbele. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo zisikaribiane nacho. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri aimeze saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake, ama vyote viwili pamoja na chakula, kwa sababu vikikutana tumbo tupu chuma huipunguzia dolutegraviri nguvu. Antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini nazo zitenganishwe na chuma.

Choo cheusi kwa anayemeza chuma ni cha kawaida. Kisicho cha kawaida ni choo cheusi chenye kunata na kung'aa kama lami na harufu kali, hasa kikiambatana na kizunguzungu. Hicho kikupeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maji, papai na mboga za majani zitasaidia choo kuwa laini. Dagaa, maini na nyama huleta chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mchicha na maharage. Na ule udongo wa kwenye droo uutupe, kwa kuwa huzuia chuma na huweza kuleta minyoo; hamu yake itapungua akiba ikianza kupanda.

Feritini irudiwe baada ya miezi 3, na siku ya kabla ya kipimo usimeze kidonge. Ikiwa haijapanda, au daktari wa wanawake bado hajafanikiwa kupunguza damu, hapo ndipo dripu izungumzwe kwa uzito, tena ifanyike mahali penye vifaa vya kushughulikia mzio wa ghafla. Ikiwa imepita 75 na miguu bado inakuamsha, basi utakuwa wakati wa kuijadili gabapentini na daktari wako, pamoja na maswali aliyotupatia Bi Mkubwa.